Mafuta Yalikaanga Nini

Nitawasalimu kwa salamu mbili, kila mtu achukue yake. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Mwenyekiti, asante kwa nafasi. Umenishika mkono pale mlangoni ukaniambia, "Mama, toa ushuhuda wa kujenga, na tafadhali usitukane mtu." Kujenga nitajaribu. Jina la mtu sitataja hata moja, hiyo naahidi. Hilo la matusi tutaona huko mbele.

Mimi natoka Nyeri mjini, Majengo, mtaa wa Waislamu. Nimekuja huku Gakindu kwa sababu nimesikia kikundi chenu kinataka kuanza kutengeneza sabuni ya mafuta yaliyotumika, mpate kazi za kusafisha ofisi na shule. Vizuri sana. Nimepita pale stoo yenu nikaona mitungi ya njano imepangwa, inang'aa, bado ina karatasi ya dukani. Mipya! Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilitaka kurudi nyumbani. Mtu anaanzisha kazi ya kutumia tena vitu vilivyotumika, na jambo la kwanza analofanya ni kwenda kununua plastiki mpya. Mnacheka? Chekeni. Hata mimi nilichekwa, na ndiyo habari niliyokuja nayo.

Mume wangu alipotangulia mbele ya haki aliniachia nyumba ya mabati na mama yake mzazi. Watoto hatukujaliwa. Kwa hiyo nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama mkwe wangu, na nawaambia huyo mama ndiye watu wangu wote. Ana binti yake Nanyuki ambaye kila Idi anamwambia, "Mama, hamia kwangu, kwa mwanao pamebaki na nini?" Na kila Idi mama anamjibu kwamba yuko sawa alipo. Likumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililotaka kuniponyoka.

Nikaanza kusafisha ofisi za watu pale mjini. Mnaofanya kazi hii mnaijua. Unapewa kabati limejaa chupa: ya kioo, ya sakafu, ya choo, ya meza, na nyingine ambayo haisafishi chochote, kazi yake ni kunukia. Zikiisha zinatupwa, zinaletwa nyingine. Kuna na vile vitambaa vya kufuta mara moja na kutupa, vinakuja vimelowa tayari, kana kwamba maji yameisha duniani. Na wakubwa wa ofisi hawataki usafi hata kidogo. Wanataka harufu. Kuna meneja mmoja nilipiga deki sakafu yake mpaka ukaweza kujiangalia ndani, akaingia, akavuta pua, akasema, "Leo hujafanya kazi." Kesho yake nikaweka maganda ya limau nyuma ya mlango wake. Akaingia, akavuta pua. "Aah! Leo umesafisha." Mtu amesoma mpaka chuo kikuu, na anaongozwa na ganda la limau.

Basi nikaamua nitafanya yangu. Taulo zilizochakaa na fulana za mitumba zisizonunulika nikazikata, zikawa vitambaa vya kufutia, vinafuliwa vinarudi kazini. Chupa za wateja nikasema hazitupwi, ukimaliza unanirudishia, najaza tena. Maganda ya nanasi nikayavundika yakawa siki ya kuoshea vioo. Maji ya mvua nikayakinga, kwa sababu yanatoa povu haraka. Na maji ya kusuuzia ya leo ndiyo niliyotolea tope la kwanza kesho. Sabuni yenyewe nikaipika kwa mafuta ya vibanda vya chipsi, yale meusi ambayo wenyewe wanayamwaga kwa mtaro. Unayachuja, unayachemsha na maji ya chumvi yatoe uchafu, yakipoa unayatia kostiki, ile magadi kali inayochoma ngozi, unakoroga mpaka mkono unakufa ganzi. Halafu unaiacha ikauke wiki kadhaa, na huna haraka.

Hakuna mtu aliyenifundisha jina la kazi hii. Jina nilikuja kulisikia kwenye semina, kwa bwana mmoja aliyetoka Nairobi na picha za ukutani. Akatuambia tunachofanya kinaitwa uchumi wa mzunguko. Picha ilikuwa na mishale, kitu kinatoka hapa, kinaenda pale, kinarudi hapa, hakuna takataka. Mishale mizuri, ya kijani. Tukapewa soda kwa chupa za plastiki na maji kwa chupa za plastiki, na semina ilipoisha chupa zote zikabaki chini ya viti. Aliyeinama kuziokota ni mimi. Mwenye mishale alikuwa ameshaingia kwa gari.

Sasa ndugu zangu, tuingie kwa lile lililoniangusha.

Kuna bwana mwenye hoteli njia ya kwenda Kiganjo. Mbele ana kibanda cha chipsi, nyuma ana chumba cha kulia. Alikuwa na mafuta mengi, pipa zima, na alikuwa anayatoa bure mradi uyabebe. Mimi nilimuuliza. Sikilizeni vizuri hapo, kwa sababu baadaye watu walisema sikuuliza. Nilisimama mbele yake na buibui langu, anajua mimi ni Mwislamu, nikamwambia, "Haya mafuta yamekaanga nini?" Akanijibu bila hata kupepesa jicho, "Mama, hii ni ya chipsi tu. Hapa hakuna kitu ingine." Nikashukuru, nikabeba.

Ilikuwa Julai. Mnaijua Julai yetu. Asubuhi nikifungua mtungi wake nakuta mafuta yameganda meupe, magumu, unayachota kwa kijiko. Mtu wa Mombasa angeona hivyo angeshtuka. Mimi ni mtu wa Nyeri. Julai kwetu kila mafuta yanaganda, ya kopo yanaganda, ya chupa yanaganda, hata wewe mwenyewe ukichelewa kuamka unaganda. Nikayaweka karibu na jiko yakayeyuka, nikapika sabuni yangu.

Na sabuni ikatoka nzuri! Wacha niwaambie, ilitoka nyeupe, ngumu, haimung'unyuki kwa maji, povu lake laini kama maziwa ya asubuhi. Sijawahi kupata sabuni kama ile. Wateja wakasifu. Majirani Majengo wakaacha kununua dukani wakaja kwangu. Mama mkwe wangu, ambaye kusifu kwake ni kunyamaza, alinyamaza. Maalim wetu akanipa kazi ya kusafisha msikitini pale pa kutawadhia na kuosha mikeka, na nikaosha kwa sabuni ile ile. Nilitembea barabarani nimeinua kichwa. Nilijiona.

Yule bwana naye huko kwake alikuwa anacheka. Chumba chake cha nyuma, kumbe, ndiko kunakokaangwa nyama ya nguruwe, wikendi yote panajaa, na mafuta ya nyuma na ya mbele yote yanaenda pipa moja. Angenyamaza na uongo wake ningeita ni uchoyo, ni uvivu, ni mtu hataki kulipa wa kumwagia mafuta. Lakini hakunyamaza. Aliufanya kitoweo cha mazungumzo. Anawaletea wateja wake sahani, anawaambia, "Hata wale wa Majengo siku hizi wanaoga na nguruwe yangu." Watu wanapiga meza kwa kicheko. Siku moja fundi mmoja wa kwetu alikuwa anapiga plasta ukuta wa jirani, akasikia yote.

Fundi alifika Majengo siku ya Ijumaa, watu wametoka kuswali. Hapo sihitaji kueleza sana.

Sabuni zilirudi. Zililetwa kwa mifuko, zilirushwa mlangoni kwangu, nyingine zimeshatumika nusu. Wanawake niliokula nao pilau za harusi walipita wamefunika pua, kana kwamba mimi mwenyewe ndiye nguruwe. Mmoja akasimama dirishani akasema kwa sauti, "Alijua. Mtu asijue anachopika?" Huyo nilikuwa nimemwoshea sahani kwenye arobaini ya baba yake, bila malipo na bila kuambiwa. Maalim alikuja kwa upole, akaniomba ufunguo wa stoo ya msikiti. Akasema, "Mama, umedanganywa, na aliyedanganywa hana dhambi. Lakini watu wamechafuka moyo. Acha watulie." Mikeka ikatolewa nje ikaoshwa kama dini inavyotaka, mara saba, mara moja kwa udongo.

Na zile ofisi nazo! Ndugu zangu, hii mtaisikia na mtadhani naongeza chumvi. Kuna ofisi moja ambayo wafanyakazi wake wote ni wateja wa yule bwana. Ijumaa jioni wako pale wanalamba vidole. Nao wakasema hapana, sabuni ya nguruwe ndani ya ofisi yetu ni uchafu, mama tafuta kwingine. Nyama yake inaingia tumboni, lakini mafuta yake hayawezi kugusa meza ya kuwekea kompyuta! Sikuwajibu. Kuna ujinga ambao ukiujibu unauheshimu.

Lakini yote hayo ningeyavumilia. Lililonikata ni la nyumbani.

Nilitoa vyombo vyote nje, sahani, sufuria, miiko, vikombe. Nikachimba udongo mwekundu nyuma ya nyumba, nikavisugua, nikavisuuza mara saba, kimoja kimoja. Mimi, mama sabuni wa mji mzima, nikaosha vyombo vyangu kwa udongo, na majirani wananitazama kwa ua. Mama mkwe alikuwa amekaa barazani, anaona kila kitu. Nikapika. Nikapakua. Nikamwekea mbele yake.

Hakugusa.

Nikamwambia, "Mama, si umeniona nikiosha?"

Akasema, "Nimeona. Sahani ni safi. Ni mkono wako ambao sijui utaleta nini kesho."

Kesho yake akanunua sufuria yake ndogo na sahani yake, akawasha jiko lake la makaa pembeni ya baraza, akawa anajipikia. Mwanamke aliyenilea miaka yote ya ujane wangu, tunakaa nyumba moja, yeye anakula uso kwa ukuta na mimi nakula uso kwa ukuta mwingine. Simu ya Nanyuki ikaanza kulia kila siku. Namsikia binti yake anamwambia, "Mama, njoo, utakufa bure huko." Na safari hii mama hakusema yuko sawa. Alisema, "Nitafikiri." Nilisikia hilo neno nikaingia ndani nikalia mpaka kichwa kikauma. Niliogopa, ndugu zangu. Sikuogopa njaa. Niliogopa ile nyumba bila yeye.

Nikaenda kwa yule bwana. Nilienda mchana, watu wanakula, kusudi wasikie.

Nikamwambia, "Uliniambia ni ya chipsi."

Akasema, "Kwani hakuna chipsi ndani? Chipsi iko. Na nguruwe pia iko."

"Ulijua mimi ni nani."

Akaangalia wateja wake kwanza, aone kama wanasikiliza. Mtu wa aina hiyo hawezi kusema neno bila wa kumchekea. Akasema, "Mama, si ni wewe ulikuja hapa kuomba takataka? Takataka haina dini, bana."

Wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akapaliwa. Nilimdharau yule mtu kiasi kwamba hasira yenyewe ilikauka. Nilimwona mdogo, mdogo, na aproni yake ya mafuta na meno yake nje. Nikatoka. Lakini lile neno lake lilinifuata njiani. Nilikuwa nalijibu peke yangu barabarani, watu wakidhani nimechanganyikiwa.

Miezi hiyo nilifua nguo za watu majumbani, kwa sabuni yao. Aliyenishika mkono ni rafiki yangu wa Tetu, mama wa ng'ombe wa maziwa, mtu wa kanisa, mteja wangu wa zamani. Alipanda matatu akaja, akakuta sabuni imejaa kwa gunia nyuma ya nyumba, mimi natafuta pa kuitupa. Akaniuliza, "Hii sabuni imekosa nini?" Nikamwambia. Akasema, "Basi mimi ni mkristo, na ng'ombe wangu hawajawahi kuniuliza ya dini. Ati utupe? Wacha maneno." Akabeba gunia lote akaenda kuoshea zizi. Kisha kila Jumatatu akaniita kwake nimsaidie kusugua mitungi ya maziwa, tukinywa chai, haniulizi lolote. Wakati wale wa kwangu wananifunika pua, huyu ananimiminia chai. Mungu amweke.

Sasa nifike pale pa kugeuka.

Siku moja mama mkwe aliishiwa na sabuni ya kuoshea sahani yake ile moja. Akajifunga leso, akachukua fimbo, akaenda dukani mwenyewe, maana mimi hangenituma. Alikaa sana. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi, nikatoka mlangoni kumtazama. Namwona anapanda mteremko polepole, mikono mitupu.

Nikamwuliza, "Mama, duka limefungwa?"

"Limefunguliwa."

"Na sabuni?"

Akakaa kwanza barazani, akapumua. Akaniambia alichukua kipande cha sabuni pale dukani, akamwuliza mwenye duka, "Hii imepikwa na mafuta gani?" Mwenye duka akageuza kipande, akasoma karatasi, akageuza tena. Akasema, "Shosho, mimi nauza tu." Akaenda duka la pili. Akaambiwa, "Iko sawa hiyo, kila mtu anatumia." La tatu wakamcheka, wakamwuliza kama anataka kuila. Mama mkwe wangu si mtu wa kuchekwa. Aliwaambia maneno ambayo sitayarudia mbele ya watu wa kanisa.

Halafu akanitazama. Tangu ile Ijumaa hakuwa amenitazama hivyo. Akasema, "Wote hao hawajui wanachouza, na hawataki kujua. Na hawa majirani wetu wenye pua ndefu walirusha sabuni yako mlangoni, wakaenda kununua kwa hao hao, na hakuna aliyeuliza. Wewe ulidanganywa. Lakini wewe mafuta unayafuata mpaka jikoni kwake. Wewe ukitaka kujua, unaweza. Basi kajue."

Ndugu zangu, mimi nimehudhuria semina, nimesikia mawaidha, nimesikia mahubiri kwa spika za nje kila Jumapili. Hakuna neno lililoniinua kama hilo. Nikajua sasa jibu la kumpa yule bwana na meno yake. Takataka haina dini, sawa, lakini ina ilikotoka. Na anayeichukua bila kujua ilikotoka anabebeshwa siri za watu wengine mgongoni.

Nikasema nitaanza upya. Mama akasema, "Hutaenda peke yako. Wewe unaamini watu haraka." Akachukua fimbo.

Mngemwona! Tuliingia vibanda vya chipsi vya Nyeri kimoja baada ya kingine, saa za kukaanga, karai liko motoni. Anaomba kreti, anakaa mbele ya karai kama hakimu. Anaangalia. Vijana wa chipsi mwanzoni walimchukulia kama mzaha.

"Hapa mnakaanga nini?"

"Viazi, shosho."

"Na jana?"

"Viazi tu."

"Na Krismasi?"

Kijana akaangalia mwiko wake. Mama akainuka. "Twende," akaniambia, "huyu ana Krismasi."

Vibanda vingi vilishindwa na Krismasi. Kuna mmoja aliapa kwa Biblia, mama akamwambia aweke Biblia chini afunue lile sufuria la pembeni, na ndani mlikuwa na soseji ambazo hata mwenyewe hakujua ni za nyama gani. Kuna mwingine alijifanya kuudhika, ati tunamharibia jina. Jina gani? Anatumia mafuta yale yale mpaka yanafanana na oili ya trekta halafu anazungumzia jina. Tukabaki na wachache, wasiokaanga nyama yoyote, na mama mmoja wa mandazi. Hao hawakuchukia kuulizwa. Huo ndio mtihani wangu mpaka leo. Mtu safi ukimwuliza anakufungulia mlango, na mchafu anakuuliza kwani wewe ni nani.

Kila kibanda nikakipa mtungi wake, wa zamani, nilioununua kwa mtu wa vyuma vikuukuu nikauosha. Kila mtungi nikaufunga kitambaa cha rangi yake shingoni, huyu mwekundu, huyu kijani, huyu wa maua. Mafuta ya huyu hayaingii kwa ya yule. Nayachota mwenyewe kutoka kwa karai, si kwa pipa la nyuma. Na sabuni ya kila kibanda naikausha peke yake, ili mteja akiuliza nimwambie imetoka kwa nani, na akitaka namwambia akakae kwenye kreti aone mwenyewe. Ilikuwa si nyeupe tena kama ile ya dhambi. Ni ya rangi ya chai ya maziwa. Nikasema asiyeitaka anunue weupe dukani.

Maalim alikuja. Hakutuma mtu, alikuja yeye, akaona mitungi, akasimama kwa karai la mama wa mandazi, akala na andazi. Wiki iliyofuata akanirudishia ufunguo. Majirani wakarudi mmoja mmoja, wanajifanya walikuwa na safari. Yule wa dirishani alikuja na chupa yake anataka kujaziwa, anaanza, "Mama, unajua mimi sikusema..." Nikamjazia. Nikamwambia aende salama. Sikumwambia zaidi, kwa sababu nilikuwa na maneno mengi na chupa yake ilikuwa ndogo. Ofisi pia zikarudi, ila ile ya Ijumaa jioni nimeikataa. Wabaki na vitambaa vyao vya kutupa.

Na yule bwana? Alikuja, ndiyo! Mtaro wa mbele ya hoteli yake ulikuwa umeziba kwa mafuta, majirani wanalalamika, hajui pa kuyapeleka. Akasimama mlangoni kwangu, safari hii hana wa kumchekea. Akasema, "Mama, sasa nitakuambia ukweli yote. Hii ni ya nguruwe. Chukua hivyo hivyo, uuzie wale wanakula."

Nikamwambia, "Wako watu wa kuyachukua, na si haramu kwao. Kawatafute. Mimi nayakataa kwa sababu ya mdomo wako. Siku ukisema ni ya nguruwe nitalazimika kwenda kuangalia kama si ya punda."

Akasema mimi nina kiburi. Nikamwambia ndiyo. Nikafunga mlango.

Mwenyekiti ananionyesha saa, naona. Namalizia. Namshukuru rafiki yangu wa Tetu, aliyenimiminia chai wakati wengine wanafunika pua. Namshukuru maalim, ambaye alichukua ufunguo kwa upole na akaurudisha kwa upole. Nawashukuru wale wa vibanda waliokubali kuangaliwa na bibi kizee mkali. Na nyinyi wa Gakindu nawaachia hili. Mtaambiwa kutumia tena vitu ni kazi ya maskini, au mtaambiwa ni mishale ya kijani. Yote ni upuuzi. Ni kazi ya kuuliza. Mtu anakuletea kitu kilichotumika, mwulize kilitumika wapi, na usiridhike na neno lake mpaka umesimama pale kinapotumika. Na ile mitungi mipya irudisheni dukani, inatia aibu.

Mama mkwe wangu sijamshukuru bado, na nimemwacha wa mwisho kwa makusudi.

Jioni moja tulitoka kukagua, amechoka, miguu imemvimba. Makaa yake yalikuwa yamelowa mvua. Mimi nikapika wali na maharagwe, nikapakua yangu, nikakaa na uso wangu kwa ukuta kama ilivyokuwa desturi yetu. Nikasikia anainuka. Akaenda kwa rafu ya vyombo, akachukua sahani moja ya zile zangu, akaiinua karibu na macho, akainusa. Akaja kwa sufuria yangu akajipakulia mwenyewe, akavuta kiti akakaa mbele yangu. Akala. Katikati akaniambia, "Chumvi imezidi." Nikasema, "Ndiyo, Mama." Akajiongezea wali.

Simu ya Nanyuki ikalia. Akaipokea huku anatafuna, akamwambia binti yake, "Niko sawa hapa nilipo," akakata. Alipomaliza hakuniachia sahani. Aliibeba mpaka kwa karo, akakunja mikono ya gauni, akaiosha mwenyewe. Kwa sabuni yangu.